Punda wawili, kila mmoja anajua kazi peke yake. Nikiwafunga pamoja, hakuna kazi

#1 Mswagaji

Wakuu salaam,

Naandika kwa kirefu kidogo, mnivumilie, maana hili jambo limeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Nina punda wawili, wote madume waliohasiwa. Mkubwa anaitwa Sima, ana miaka 9, jina nilimkuta nalo. Mdogo anaitwa Radi, ana miaka 5. Nikimfunga mmoja peke yake kwenye mkokoteni mdogo wa miti miwili, anafanya kazi kama mtu mzima. Ukisema twende anakwenda, ukisema simama anasimama. Mizigo ilipozidi nikaona badala ya kuwachosha kwa zamu, bora wavute kwa pamoja. Nikachongewa mkokoteni mkubwa wenye mti mmoja wa kati, punda mmoja kulia na mwingine kushoto.

Siku ya kwanza niliposema twende, Radi alichomoka na Sima akabaki anamtazama. Mkokoteni ukala upande, tukazunguka palepale kama mshale wa saa. Siku ya pili nikamzuia Radi kwa hatamu, Sima akaona amepewa likizo, akaacha kuvuta kabisa. Siku ya tatu Sima alisimama katikati ya njia. Mbele haendi, nyuma harudi, dakika 40 nzima. Radi kuona mwenzake kaganda, akaanza kumng'ata shingoni.

Ushauri niliopewa hadi sasa: mchape mkubwa, uza mdogo, au uza wote ununue bajaji ya mizigo. Kabla sijafika huko nawauliza wenye uzoefu, punda wanaojua kuvuta mmoja mmoja wanafundishwaje kuvuta wawili? Na huyu Sima ni mvivu kweli, au kuna kitu sikioni?

#2 Nusu Debe

Mkuu unajisumbua. Bakora mbili za uhakika, uzi umefungwa. Shukrani ya punda ni mateke, usimbembeleze.

#3 Kengele

Nusu Debe, bakora inaweza kumhamisha farasi kwa sababu farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, au akikutana na jambo asilolielewa, husimama kwanza. Anaangalia, anapima, ndipo anaamua. Ukimchapa wakati huo umemthibitishia kwamba pale kweli pana hatari. Kesho akifika mahali palepale atasimama tena, na safari hii ana sababu nzuri zaidi: jana alipigwa hapo. Zile dakika 40 za Sima zitakuwa saa nzima.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mpigaji. Huruma ilikuja baadaye, kwanza niliona tu kwamba sifiki niendako.

#4 Babu Kwato

Mwanangu Mswagaji, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika.

Kabla ya ushauri nijibu haya:
Wanalala pamoja?
Umewahi kuwatembeza bega kwa bega bila mkokoteni?
Vimo vyao vimepishana kiasi gani?
Ule mti wa mbele ya mkokoteni zinapofungwa kamba zao za kuvutia, unacheza au umekazwa?
Matandiko anayovaa Sima kwenye mkokoteni mkubwa ni yaleyale ya mkokoteni mdogo?

#5 Mswagaji

Shikamoo Babu, nisamehe, ni haraka tu.

Hawalali pamoja, Radi ni mwizi wa chakula. Bega kwa bega hawajawahi kutembea, mmoja huwa anafuata nyuma ya mwingine. Sima ana sentimita 112 begani, Radi 106. Mti wa mbele kwa kweli sijauangalia, nadhani unacheza. Matandiko ni mapya, nilishonesha mawili yanayofanana.

#6 Mpita Njia

Nimetandika mkeka hapa, nasubiri Babu amalize.

Ila mkuu, samahani, punda wako anaitwa Sima, na amri ya kusimama ni "simama"? Kila ukimwita jina unakuwa umeshamtamkia nusu ya amri ya kusimama. Huyo hana uvivu, huyo ni mtiifu kupita kiasi.

#7 Mswagaji

Mpita Njia umeniua mbavu. Halafu nimekaa nikafikiri, sicheki tena.

#8 Babu Kwato

Marahaba. Mpita Njia amefanya mzaha lakini amegusa mahali penyewe. Kwenye jozi jina ni amri. Unaita jina, unatulia kidogo, ndipo unatoa neno. Unamwita anayezembea peke yake bila kumgusa mwenzake. Kwa hiyo majina yasifanane na amri, wala majina yenyewe yasifanane. Mbadilishie jina. Punda hana cheti cha kuzaliwa, wiki mbili za kumwita huku unampa kitu mdomoni zinatosha.

Sasa tuje kwenye kazi. Wewe umefundisha punda mmoja, halafu ukafundisha mwingine. Jozi hujaifundisha bado. Fikiria anachokiona yeye. Kwenye mkokoteni mdogo ana mti kulia na mti kushoto, yuko kama ndani ya uchochoro aliouzoea, na mzigo unamfuata kwa nyuma moja kwa moja. Ghafla umemtoa humo. Upande mmoja pana mti, upande wa pili pako wazi. Ng'ambo ya mti kuna mwenzake anayepumua, anayesukuma, anayeondoka kabla yake. Kila mwenzake akikosea, mti unamgonga yeye ubavuni. Hiyo kwake ni kazi mpya kabisa, nawe ukamkabidhi siku moja, na mkokoteni juu yake.

Weka mkokoteni kando.

Kwanza waishi pamoja. Punda ni mnyama wa rafiki. Wawili wakizoeana wanakwenda malishoni pamoja, wanasimama pamoja kivulini, wanakunana shingo kwa meno. Jozi iliyoshikamana hata kuitenganisha ni taabu, mmoja akiondolewa mwingine anaweza kususa kula, na punda aliyesusa kula ni mgonjwa wa haraka. Hiyo nguvu unaihitaji upande wako. Wizi wa chakula unazuiwa kwa kuweka vyombo viwili mbalimbali, huhitaji mabanda mawili.

Pili, watembeze bega kwa bega wakiwa na kamba za kichwani tu. Mwanzoni pawe na watu wawili, kila mtu na punda wake, upande wa nje. Msiwafunge vichwa pamoja kwa kamba fupi, mmoja akishtuka atamvunja mwenzake shingo. Hapa mnafundisha vitu viwili tu: kuondoka kwa wakati mmoja na kusimama kwa wakati mmoja. Kutembea kwenyewe wanakujua. Jozi inaharibikia kwenye hatua ya kwanza. Wakisimama, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuondoka tena, wajifunze kwamba kusimama ni kazi pia. Ukivuta kamba, legeza sekunde ileile anapotii. Punda hujifunza kwa ile kulegea. Ukiendelea kuvuta baada ya kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku. Wakifanya vizuri dakika ya 8, acha hapohapo.

Tatu, uwaswage kwa kamba ndefu ukitembea nyuma yao, bado bila mzigo. Nne, wavae matandiko kamili, kamba za kuvutia zishikwe na mtu nyuma, awe anazivuta kidogo kidogo ili wasikie uzito kifuani. Mtu ni bora kuliko gogo kwa sababu mtu anaweza kuachia. Wakizoea, wape tairi kuukuu la kuburuta. Mkokoteni uje mwisho.

Nijibu lile la matandiko kabla hujaendelea. Yule aliyekataa dakika 40, ninataka kujua kifua chake kikoje.

#9 Fundi Gurudumu

Nataka nizungumzie mti wa mbele, maana Babu ameugusa na watu wanaupita juu juu.

Kila punda ana kijiti chake kidogo cha kufungia kamba za kuvutia. Vijiti viwili vinaning'inia kwenye ncha mbili za mti mkubwa, na mti huo unazunguka kwenye pini moja katikati. Sisi tunauita mizani, na kazi yake ni mizani kweli. Ukicheza vizuri, mwenye haraka akitangulia anamrudisha mwenzake nyuma kidogo, mpaka mwenzake anapoingia kazini na mti ukanyooka. Wote wawili wanapovuta, kila mmoja anabeba nusu. Ukiwa umekazwa, mwenye haraka anavuta mzigo wote na wa pili kamba zake zinalegea. Hakuna ufundishaji utakaotibu hilo.

Kuna siri nyingine. Ukitaka mdogo asaidiwe, unatoboa tundu la pini karibu zaidi na upande wa mwenye nguvu. Mfano mti una sentimita 90 kutoka ncha hadi ncha. Pini ikiwa katikati ni 45 kwa 45. Ukiisogeza sentimita 3 kuelekea kwa mwenye nguvu, inakuwa 42 kwake na 48 kwa mdogo. Mkono mrefu ni mwepesi. Hapo mwenye nguvu anavuta kama 53% na mdogo kama 47%. Toboa matundu matatu tangu mwanzo, la katikati na moja kila upande, utanishukuru.

Usiweke pini ya msumari. Weka boliti.

#10 Nusu Debe

Yaani wiki nzima anatembeza punda kama watalii, mzigo nani atabeba? Na hesabu za sentimita juu. Wazee wetu walikuwa na futi kamba?

#11 Fundi Gurudumu

Walikuwa na shubiri, mkuu. Na walitoboa.

#12 Dada Malisho

Nimesoma kimya mpaka hapa. Naongeza ya mwilini, maana mimi ndiye huletewa vidonda baadaye.

Kaka Mswagaji, kwanza hakikisha hukuwafunga kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu au misuli minene juu ya shingo, nira inapata pa kuegemea. Punda pale juu ni mfupa na ngozi. Yeye nguvu yake iko kifuani na mabegani, kwa hiyo anavuta kwa mkanda wa kifua au kwa kola iliyojazwa vizuri.

Mkanda wa kifua una mahali pake pamoja tu: juu ya kiungo cha bega, chini ya koromeo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unazuia mguu kwenda mbele. Uwe mpana, kama sentimita 7 hadi 10, laini upande wa ndani, na bakoli yoyote, kile chuma cha kufungia mkanda, isikae juu ya mfupa. Kamba ya katani au ya nailoni kifuani ni msumeno. Kutoka kifuani hadi kwenye kijiti cha kuvutia, kamba inyooke bila kupinda. Ukiona inapinda kwenye mkanda wa tumbo, basi mkanda wa tumbo ndio unavuta mkokoteni.

La mzigo. Punda anaweza kuvuta siku nzima, kwa mapumziko, kwa nguvu ya takribani 10 hadi 15% ya uzito wake. Wa kilo 160 hiyo ni kama kilo 16 hadi 24 za mvuto. Watu wanachanganya hapa. Mvuto si uzito wa mzigo. Kwenye njia ngumu ya tambarare, magurudumu yakiwa na upepo na yamepakwa grisi, mvuto ni sehemu ndogo sana ya uzito wa mkokoteni. Ingia mchangani au panda mlima, unaruka mara kadhaa, ilhali mzigo ni uleule. Na wawili hawatoi mara mbili kamili ya mmoja, kila mara kuna kinachopotea kwa kutolingana hatua. Anza na mzigo wa punda mmoja, uwagawie wawili.

Na Radi wa miaka 5 yuko sawa. Wengine wanafunga wa miaka 2 kwa sababu ameshakuwa mrefu. Mifupa haijakomaa huyo, subiri afike 4.

#13 Mswagaji

Jamani.

Nimetoka bandani sasa hivi. Nianze na mti wa mbele: umefungwa waya. Aliyenichongea aliona "unatikisika", akaukaza kwa waya pande zote mbili kama zawadi. Kwa hiyo muda wote Radi alikuwa anavuta mkokoteni peke yake.

La pili ndilo limeniumiza. Babu ulisema niangalie kifua. Yale matandiko mawili "yanayofanana" yalipimwa kwa Radi. Sima ni mpana, mkanda kwake umekuwa mfupi, bakoli inaangukia juu ya kiungo cha bega la kulia kabisa. Pale manyoya yametoka, ngozi iko wazi, duara kama kifuniko cha soda. Nikimbonyeza anakunja midomo. Kwenye mkokoteni mdogo anavaa mkanda wake wa zamani, ndiyo maana kule hana neno.

Dakika 40 zile nilikaa juu ya mkokoteni namwita mvivu.

#14 Dada Malisho

Safisha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, fukuza nzi, na mkanda usigusane na pale mpaka ngozi ifunge na manyoya yaanze kuota. Usipake oili chafu ya gari, najua kuna mtu atakuambia.

Mazoezi usisimamishe. Hatua ya kutembea bega kwa bega haihitaji mkanda wa kifua. Umepata wiki mbili za kufanya vile Babu alivyokuambia bila kishawishi cha kuruka hatua.

#15 Babu Kwato

Umeona vizuri, mwanangu. Punda hulia kwa kusimama.

Kata waya leo.

#16 Mswagaji

Mrejesho, siku ya 16.

Sima sasa anaitwa Kobe. Mtoto wangu ndiye aliyechagua, mimi nilitaka jina la heshima. Limeshika kabisa.

Wanalala pamoja. Usiku wa kwanza kelele, wa pili kelele, wa tatu nimewakuta wamesimama kichwa cha huyu kwenye mgongo wa yule. Radi bado mwizi, vyombo viko hatua kumi mbalimbali na bado anakwenda kukagua.

Kuondoka pamoja kulichukua siku 6. Tatizo Radi aliondoka kwenye jina la Kobe. Nikasema "Kobe...", yeye yuko mbele. Dawa iliyosaidia: nikiita majina, msaidizi anamgusa Radi kifuani kwa kiganja tu, akitulia anapata kipande cha kitu. Neno "twende" ndilo la wote. Sasa anasubiri, japo anatetemeka kama gari linalosubiri taa ya kijani.

Nimeanza kuwaswaga kwa kamba ndefu na nimekwama kwenye hatamu. Nina kamba nne midomoni na mikono miwili. Nikivuta kulia wanagongana pua.

#17 Kengele

Hapa ndipo nilipopotea miezi, kwa hiyo ngoja nikuokolee muda.

Mkononi unashika kamba mbili tu. Ile ya kulia inakwenda upande wa kulia wa mdomo wa punda wa kulia. Njiani, karibu na migongo yao, inazaa kamba ya pili inayokatiza hadi upande wa kulia wa mdomo wa punda wa kushoto. Ya kushoto vivyo hivyo, kinyume chake. Ukivuta kulia, wote wawili wanapata ujumbe wa kulia kwa pamoja.

Zile zinazokatiza ndizo za kurekebisha. Wasimamishe wamenyooka, shika hatamu kama unavyozishika ukiwa kazini, watazame kutoka nyuma. Pua zikielekeana, za kukatiza ni fupi, zirefushe. Pua zikitazama nje kama waliogombana, ni ndefu, zifupishe. Unataka shingo mbili zilizonyooka kama reli. Weka matundu mengi kwenye mkanda wa kukatiza, kila sentimita 3 hivi, maana siku Radi akiwa na moto utahitaji kusogeza tundu moja.

Na kama una lijamu la chuma, mikono iwe myepesi. Mimi jozi yangu naiendesha bila lijamu, kamba za kichwani zenye pete pembeni. Si kila punda atakubali, ila jaribu mahali palipozungushiwa uzio kwanza.

#18 Nusu Debe

Kuna kitu nauliza, na msinicheke. Mimi ninao wawili pia. Wangu wanavuta pamoja vizuri tu, bila semina. Ila wa kushoto kila tukisimama anamng'ata wa kulia. Bakora haijasaidia.

#19 Babu Kwato

Haijasaidia kwa sababu anapigwa baada ya kung'ata, na wa kulia anapigwa na sauti ileile bila kosa. Ni madume wasiohasiwa?

#20 Nusu Debe

Mmoja dume kamili, mwingine jike.

#21 Babu Kwato

Basi huna jozi, una posa. Jike akiwa na joto, kila wiki tatu au nne, huyo dume hana habari ya mzigo wako. Mhasi, kwa mtaalamu na siyo kwa fundi wa mtaani, au umfunge na mwingine aliyehasiwa. Baada ya kuhasiwa mpe wiki kadhaa, hatulii siku hiyohiyo.

#22 Mpita Njia

"Una posa." Naondoka na hiyo.

#23 Mswagaji

Siku ya 27. Kidonda kimefunga, manyoya mafupi yameota. Mkanda mpya wa Kobe umeshonwa kwa kumpima yeye mwenyewe, bakoli zimehamia ubavuni.

Tairi wanaburuta vizuri. Mkokoteni ndio bado. Jana niliusogeza nyuma yao kwa mkono, haujawagusa hata, Radi akaruka. Kobe alisimama tu, masikio nyuma.

#24 Babu Kwato

Umekosea mwelekeo. Kitu kinachokuja kutoka nyuma kinakuwinda. Punda anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na mbele ya paji lake, nawe mkokoteni umemletea palepale asipoona.

Ugeuze mchezo. Mkokoteni utangulie, usukumwe na watu, wao waufuate. Kitu kinachoondoka hakitishi, kinamvuta mnyama ajue kinakwenda wapi. Wakishausogelea na kuunusa, wape kitu kizuri juu yake. Kesho mkokoteni utembee ubavuni kwao, kushoto siku moja, kulia siku nyingine, waisikie sauti ya magurudumu ikibadilika upande. Ukifika siku ya kuuleta nyuma, watakuwa wanaifahamu kelele hiyo.

Kama unatumia vizuizi vya macho, wauone kwanza bila vizuizi.

#25 Mswagaji

Siku ya 35, wakuu, wamevuta.

Mkokoteni mtupu, hatua 200 kwenye tambarare, mtu mmoja kila upande wa vichwa kwa tahadhari. Niliita Kobe, nikaita Radi, nikanyamaza, nikasema twende. Ule mti wa mbele ulicheza mara moja, kulia kisha kushoto, halafu ukanyooka. Nilikuwa nautazama huo tu, hata njia sikuiona.

Tukakosea kwenye kona. Nilikata kulia kwa ghafla, Kobe yuko ndani ya kona, mti wa kati ukamsukuma begani naye akaganda. Kabla sijafungua mdomo nikakumbuka uzi huu, nikashuka. Mguu wake ulikuwa umevuka kamba ya kuvutia. Tukamfungua, tukamwondoa, dakika 3. Alirudi kazini mwenyewe.

#26 Kengele

Kona ya jozi ni pana, mkuu. Wa ndani hatembei mbele, anapiga hatua za pembeni karibu palepale, wa nje ndiye anayezunguka. Hilo nalo linafundishwa kwa miguu bila mkokoteni: kamba ndefu, mti wa mwanzi kati yao badala ya mti wa kati, unawafundisha kupisha. Kurudi nyuma pia, hatua mbili tatu kwa siku, basi.

#27 Fundi Gurudumu

Kabla hujapakia chochote: mkokoteni wako ni wa magurudumu mawili. Panga mzigo ili uzito wake uzidi kidogo tu upande wa mbele ya ekseli. Ukiwa mbele mno, ncha ya mti inawaning'inia shingoni. Ukiwa nyuma, mti unawanyanyua. Kipimo changu ni hiki: mzigo ukiwa juu, nyanyua ncha ya mti kwa mkono mmoja. Ikikushinda wewe, wao wanaibeba safari nzima.

Na mteremko je? Una breki?

#28 Mswagaji

Breki sina. Nina mikanda ya nyuma, ile inayozunguka mapaja, ila sikuifunga, niliona inawabana.

#29 Dada Malisho

Kaka, ifunge kabla ya mteremko wa kwanza. Bila hiyo na bila breki, mkokoteni wote unaposhuka unawasukuma kupitia mti hadi shingoni, na wa kwanza kuchoka atakalia miguu ya nyuma au atakimbia. Mkanda ukae katikati ya paja, chini ya mkia kwa kama shubiri, ulegee kiasi cha kupitisha kiganja kilichosimama wanapovuta, ukaze wenyewe mkokoteni unapowasukuma. Ukishuka chini zaidi utawakata miguu. Na mzigo mzito usiteremke bila breki, mikanda iwepo au isiwepo.

#30 Mswagaji

Nimeelewa. Fundi, breki ya kukanyaga au ya kamba?

#31 Fundi Gurudumu

Ya kukanyaga, kipande cha tairi kinachobana gurudumu, mikono ibaki kwenye hatamu. Piga picha ya ekseli na upime upana kutoka gurudumu hadi gurudumu, nikuchoree.

#32 Nusu Debe

Fundi, ukimchorea nichoree na mimi. Upana wangu ni shubiri sita na nusu. Futi kamba nitaazima.